Viua

Jumanne baada ya alasiri, Khabura,
chumba cha nyuma cha jumuiya ya wanawake:
feni moja, mkeka, mdila wa kahawa,
na ukutani, usawa wa bega langu,
mstari wa tope ambao rangi mara mbili haikuufuta.
Tumeacha kuupaka.
Rayya kaupigilia misumari, anatundikia mikasi.

Tunashona kofia. Viua tu,
tundu baada ya tundu: unatoboa,
unazungushia uzi, unakaza, unahamia la pili.
Tundu usilolizungushia hufumuka,
likala kitambaa chote.
Hili si fumbo. Mwulize fundi yeyote.

Mwanzoni alikuja binti kutoka Maskati
na karatasi zake: kutoka moja hadi kumi,
unalalaje? Unashtuka mara ngapi?
Alikuwa na adabu, na viatu visivyojua matope.
Ghanima akaandika sita,
kwa kuwa sita haimhuzunishi mgeni.
Mimi niliandika nane, nikafuta, nikaacha wazi.
Ningeandikaje friji?
Lilivyoelea sebuleni gizani, mlango wazi,
likigonga ukuta polepole
kama mtu asiyetaka kusumbua.

Bi Zuwena na mimi hunong'onezana Kiswahili,
chake cha Wete, changu cha kurithi, kina mashimo.
Siku moja nikamwambia, maji yakimwagika hayazoleki.
Akanitazama juu ya miwani:
"Yapi hayo? Yale tuliyazoa. Siku tisa, kwa ndoo,
na ndoo ilikuwa ya Ghanima,
na hadi leo hujairudisha."
Nikacheka. Sauti ilinitoka ngeni,
kama mlango wa ghala uliofungwa tangu msimu wa tende.

Mlangoni, upande wa nje kwa heshima,
hukaa Shafiq, mshonaji wa Kibangali.
Duka lake lilisombwa; cherehani
ilikutwa juu ya mtende wa watu, imetua kama kunguru.
Yeye hakuna karatasi iliyomfikia.
Hututungia uzi, sindano arubaini kwa kikao,
anazichomeka kwenye sponji, safu kwa safu.
Anasema mikono ikikaa bure husikia maji.

Na Thuwaiba.
Thuwaiba hushona kofia moja tu.
Inchi ishirini na mbili, kichwa cha Muhannad,
aliyerudi bondeni kufungua mbuzi.
Akifika kwenye kiua cha mwisho huchukua wembe,
hufumua safu nzima, taratibu,
huviringisha uzi kidoleni, huanza tena.
Kitambaa kimeshakuwa laini kama kope.
Hakuna aliyemwambia kitu.
Rayya humkatia uzi mrefu kuliko wetu, basi.

Si kwamba tumepona.
Kofia tunaziuza Sohari, tunagawana,
tunagombana kidogo juu ya nani kachukua uzi wa nani.
Midimu ya kwetu bado haijachipua.
Shemeji yangu bado hulala na funguo za gari kiganjani.
Lakini Jumanne, alasiri hadi magharibi,
kuna kazi ya ukubwa wa punje ya mtama
na jicho haliwezi kwenda kwingine.

Juzi mvua ilinyesha.
Ya kwanza tangu.
Matone machache juu ya bati la uani,
kisha mengi, kisha hatukusikia feni.
Sindano zikasimama. Zote.
Shafiq aliinuka, akaingia bila kupiga hodi,
akakaa pembeni mwa mkeka,
na hakuna aliyevuta mtandio.
Tukautazama ule mstari wa ukutani.
Tulivyokaa, sote tulikuwa chini yake.

Muda ukapita, sijui kiasi gani.
Kahawa ilipoa.
Kisha Thuwaiba, bila kuinua uso:
"Nani ana uzi wa kijani?"

Wa kijani. Miezi yote hii ameshona kwa kahawia.

Mikono sita ikanyooka kwa pamoja.